Gazeti la Kufungia Viazi

Viazi karai vya shilingi 20, ukwaju mwingi, pilipili kidogo. Hayo ndiyo maagizo aliyonipa bibi jioni moja ya Januari 2005. Shule zilikuwa zimefunguliwa juzijuzi, mimi nina miaka 11 na madaftari mapya ambayo bado yananukia duka.

Mama wa viazi alikuwa akikaa kwenye kona ya uchochoro wetu, Mji wa Kale, Mombasa. Karai juu ya jiko la makaa, na ubavuni mwake rundo la magazeti lililokandamizwa kwa jiwe, maana kaskazi ilikuwa inavuma na karatasi hazitulii. Magazeti yale hakuyasoma. Alichana ukurasa, akaukunja ukawa kama faneli, akatia viazi, akavirashia ukwaju, akanipa huku macho yake yako kwa mteja wa nyuma yangu. Kabla sijafika mlangoni kwetu mafuta yalikuwa yameshatoka upande wa pili.

Bibi alikuwa amekaa ukumbini, kando ya kitanda alicholala mtoto wa shangazi, wa miezi minane. Akaufungua mzigo juu ya sinia. Mkono wake ukasimama.

Niseme kwanza tulikuwa wapi siku ya tsunami, kwa sababu watu wengi hudhani sisi wa Pwani yale mambo tuliyaona kwenye runinga tu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, tarehe 26 Desemba 2004. Ami yangu alitupeleka Pirates, yaani ile pwani ya umma ya Jomo Kenyatta, mimi na binamu zangu wanne. Pwani ilijaa watu kama ilivyo kila mwaka siku ya pili ya Krismasi. Wageni wa bara wamevaa suruali zimekunjwa magotini, ngamia, wapiga picha, vijana wanaokodisha tyubu za magari. Ami ni fundi wa mashua. Akienda pwani haangalii watu, huangalia maji. Usiku ule mwezi ulikuwa wa kumi na nne, na mtoto yeyote aliyelelewa karibu na bahari anajua kwamba siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, maji hupwa saa nne na kujaa saa kumi. Kwa hivyo ilipofika adhuhuri yalipaswa kuwa yanapanda. Yalipanda, ndiyo. Kisha yakarudi nyuma mbio, mchanga ukabaki mtupu na mwani umelala, halafu yakaja tena kwa kasi kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

"Maji haya yana nini leo?" ami akauliza. Hakuna aliyemjibu. Akatutoa majini.

Miaka ya baadaye alijisifu sana kwamba alijua. Hakujua. Alichojua ni kuwa saa na maji havikupatana, na mtu wa kazi yake akiona hivyo hakai kungoja sababu.

Baadaye askari wakaja wanapuliza filimbi, watu watoke, wimbi kubwa linakuja. Watu wakacheka. Nakumbuka bwana mmoja aliyekuwa amekodi tyubu kwa saa nzima, amekaa ndani yake ufukweni, anadai arudishiwe pesa zake kwanza kwa kuwa nusu saa bado. Askari akamshika kwapani akamnyanyua, tyubu ikanyanyuka naye.

Ardhi ilikuwa imetetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra, kisiwa cha Indonesia, yapata saa kumi za usiku kwa saa za kwetu, tetemeko la ukubwa wa 9.1, sisi tumelala. Wimbi lilichukua kama saa nane kutufikia. Ndani ya saa nane hizo lilikuwa limeshamaliza kazi yake Aceh kulekule Sumatra, Thailand, Sri Lanka, India na Maldives, na Bahari ya Hindi nzima haikuwa na mfumo wowote wa kuonyana. Kwetu lilifika limechoka, likakuta maji bado hayajajaa. Kenya alikufa mtu mmoja, upande wa Watamu. Tanzania walikufa watu kama kumi, baadhi yao wakiogelea Dar es Salaam kama tulivyokuwa tukiogelea sisi. Mimi sikufa kwa sababu ya ratiba ya mwezi.

Halafu zikaja zile wiki za maneno.

Idadi ilipanda kila taarifa ya habari, elfu kumi, elfu hamsini, laki, na watu wakaizoea kama wanavyozoea bei ya sukari. Mwishowe ilizidi 227,000 katika nchi 14, na UNICEF ilikisia kuwa karibu theluthi yao walikuwa watoto. Neno lenyewe hatukuwa nalo. Bibi alisema gharika. Ami alisema "sunami", akiiacha ile t ya mbele. Shuleni, mvulana mmoja wa darasa la saba aliyekuwa akitupora chapati alibatizwa Tsunami, na jina likamganda mpaka akamaliza.

Watu walilia kwelikweli, nisije nikawadhulumu. Msikitini tuliwasalia sala ya ghaibu, bakuli likapitishwa, nami nikamwona mzee wa kuuza kahawa akitia noti ambayo kwake ilikuwa mauzo ya kutwa. Lakini watu walewale waliotoka wakipangusa machozi walikaa barazani wakaanza kugawa makosa. Mmoja akasema ni watalii wanaotembea uchi Phuket, kule Thailand. Mwingine akamkumbusha kuwa Aceh ni nchi ya Waislamu, wenyeji wenyewe huiita Ukumbi wa Makka, na ndiko walikokufa wengi kuliko kwingine kote. Basi wa kwanza akageuza, akasema hao ni mashahidi, wale wengine ndio waliolaaniwa. Samaki nao wakatiwa kwenye kesi. Majirani wawili waliapa kutokula nguru wala kolekole, eti wamekula watu, na kwa muda nguru alishuka bei, bibi akamnunua kila siku bila kusema neno.

Wanawake walikuwa na kesi yao, ya yule mtoto mchanga wa Sri Lanka aliyeokotwa akapewa nambari 81 hospitalini Kalmunai. Magazeti yalisema wazazi tisa wanamgombania. Nilimsikia shangazi akisema, huku anamnyonyesha mwanawe, kwamba yeye hata wangekuwa mia angewaelewa. Februari kipimo cha DNA kilionyesha wazazi wake ni nani, na baadaye ikajulikana kuwa hadithi ya hao tisa ilitiwa chumvi nyingi. Lakini mjini kwetu walibaki tisa mpaka leo.

Mtu mmoja tu hakuingia kwenye mabishano, mwenye duka la mtaani petu, Msomali. Kila jioni alikuwa akisikiliza redio ya Kisomali ya BBC. Siku moja ami alienda kununua mafuta ya taa, akamkuta ameweka redio sikioni. "Hafun," alimwambia. "Unaijua Hafun?" Ami hakuijua. Ni rasi kule kaskazini mashariki ya Somalia, kijiji cha wavuvi, na wimbi liliivunjavunja. Karibu watu 300 walikufa Somalia, wengi kuliko nchi yoyote ya Afrika. Tulitazama runinga mwezi mzima na sikumbuki kuona picha ya mtoto hata mmoja wa Hafun. Huko kamera hazikuwapo. Mwenye duka hakulalamika. Alipima mafuta, akarudisha chenji.

Na chuoni, pale tuliposomea Kurani, kulikuwa na ustadhi wetu. Sitaki kumfanya mtu mbaya, alitufundisha kwa subira na alikuwa akitununulia maandazi siku za Alhamisi. Lakini wiki ile alikuja na karatasi, nakala ya nakala, picha iliyopigwa na setilaiti pwani ya Sri Lanka, povu la mawimbi limejikunja, na akatuonyesha kwa ncha ya kalamu kwamba povu lile linasomeka jina la Mwenyezi Mungu. Akatutolea na nyingine, ya msikiti wa Baiturrahman kule Banda Aceh, umesimama mweupe, na kila kilichouzunguka ni vifusi. Alama hizo, akasema. Watu waliasi wakaadhibiwa. Karatasi ilipita mkono kwa mkono. Mimi nililiona lile jina, wallahi nililiona, na nikakimbia nyumbani kumhadithia bibi, na maneno ya adhabu nikayatia na ya kwangu.

Bibi alikuwa akichambua mchele. Aliniambia nikaoge.

Sasa turudi kwenye sinia.

Picha ilishika nusu ya ukurasa. Watoto wamelazwa safu, sita au saba, juu ya kitu kama jamvi. Ukwaju ulikuwa umeingia kwenye pembe ya juu na viazi viwili vilikuwa vimelalia miguu yao. Maandishi ya chini yalichanika, yakabaki maneno "Tamil Nadu, India". Bibi aliviondoa vile viazi kimoja kimoja kwa vidole, akaviweka pembeni ya sinia. Akavaa miwani. Kisha akachukua ncha ya mtandio wake akaanza kuyafyonza mafuta, kwa kugusagusa, bila kusugua, kama mtu anayempangusa mtoto uso akiwa usingizini.

"Hawa Wahindi?"

"Ndiyo, bibi. Imeandikwa."

Aliinamia karatasi. Mtoto wa pili kutoka kushoto alikuwa hana nguo, maji yalimvua, hata mwaka sidhani alikuwa ametimiza. Kiunoni alikuwa na uzi mweusi. Mafuta yalikuwa yameifanya karatasi iwe kama kioo, maandishi ya ukurasa wa nyuma yanaonekana juu ya kifua chake, lakini uzi ulikuwa wazi.

Bibi akaweka kidole pale. Halafu akageuka akamtazama mtoto wa shangazi kitandani. Naye alikuwa na uzi mweusi, mkononi, bibi mwenyewe ndiye aliyemfunga siku ya arubaini, na nukta ya wanja juu ya paji la uso, kwa ajili ya jicho.

"Na wao hufunga," akasema. Hakuniambia mimi.

Nilitaka kula. Njaa ilikuwa inaniuma na viazi vinapoa, na sioni haya kuliandika hilo sasa, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Juzi ulinambia nini kuhusu watu hawa?"

Nikanyamaza.

"Ulinambia wameadhibiwa."

"Ustadhi ndiye aliyesema, bibi."

"Ustadhi simuulizi. Nakuuliza wewe, umesoma, una macho. Huyu hata meno hayajamtoka. Ametenda nini?"

Sikuwa na jibu, na yeye hakungoja jibu. Alivimimina viazi kwenye sahani, akaniambia nile. Akaukunja ule ukurasa picha ikiwa ndani, akavaa buibui lake, akaniambia nilete madaftari yangu ya mwaka uliopita, yote.

Kumwona bibi akitoka magharibi ikikaribia lilikuwa jambo. Mama wa viazi alipomwona alinyanyuka kwenye kigoda. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Nionyeshe magazeti yako." Yule mama akadhani viazi vina kasoro, akaanza kuapa kwamba mafuta ni mapya ya leo. Bibi akaketi kwenye kile kigoda akalichambua lile rundo ukurasa kwa ukurasa, wateja wamesimama. Alitoa kurasa nne. Moja nadhani haikuwa hata na maiti, ilikuwa na mwanamke amejitupa mchangani, mikono ameinyoosha.

"Hizi nachukua. Nakulipa kwa karatasi."

"Bibi, mimi nayanunua kwa kilo, sijui kuna nini ndani."

"Najua hujui. Sikukulaumu."

Akamkabidhi madaftari yangu sita. Mama wa viazi aliyapima kwa mkono, akaona amepata faida, akaongeza bajia mbili bure.

Nyumbani kwetu kurasa za msahafu zilizochakaa hazitupwi. Bibi alizihifadhi kwenye mfuko wa nguo nyuma ya mlango, na mfuko ukijaa ami huzichukua kwa mashua akazizamisha nje ya mwamba. Kwa hivyo nilipomwona ameshika zile kurasa tano nikaushusha mfuko nikamfungulia, nikidhani nimemwelewa.

"Ami atazipeleka baharini pamoja na nyingine?"

Alinitazama kwa namna ambayo sikupata kuiona tena.

"Baharini tena?"

Tulizifukia uani, chini ya mkomamanga, kwa mwiko wa zamani wa kupigia ugali, maana jembe hatukuwa nalo. Shimo lilikuwa fupi. Bibi alisoma Fatiha kwa sauti ya chini, na nilishangaa, kwa kuwa hata mimi nilijua kuwa wale wa kwenye picha huenda hawakuwa Waislamu. Sikumuuliza. Ustadhi naye sikumwambia.

Kwa miezi miwili baada ya hapo mtaa mzima ulikula viazi ndani ya hesabu zangu. Ijumaa moja kijana tuliyekuwa tukisoma naye chuoni alinifuata mpaka barazani, anatafuna, ameikunjua karatasi yake wenzake waone. Mgawanyo mrefu, tatu kwa kumi, wino mwekundu, na mafuta yalikuwa yameliacha jina langu juu likionekana vizuri kabisa.