Tao la geti la bustani: jinsi nilivyolisimamisha
Tao la kwanza lilishuka chini nilipong'oa fremu ya kulishikilia kesho yake tu, mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga) ikiwa bado mbichi. Iliniuma sana.

Safari ya pili nilikata plaiwudi mbili za nusu duara, upana sm 90, nikazisimamisha juu ya mirunda na kabari. Kabla ya kugusa mwiko nilichora nafasi za matofali kwa penseli: 17, idadi witiri, ili moja likae kileleni. Nikajenga pande zote mbili kwa zamu, viungo vyembamba ndani, vipana nje. Lile la kileleni nililigonga taratibu kwa nyundo ya mbao hadi mota ikachuruzika pembeni. Nikamwagilia siku 7, kisha nikalegeza kabari kidogo kidogo. Halikutikisika.