Zimenizidia

Jumapili usiku. Nina udongo chini ya kucha, na neno moja kichwani tangu Jumatano.

Mnayakumbuka mayungiyungi ya mama, ndiyo lisi, yale meupe ya chini ya ukuta, niliyowaambia mwaka jana kwamba yamegoma. Mashina zaidi ya thelathini, maua manne. Nikadhani udongo umechoka, nikaongeza samadi. Majani yakanenepa, maua hakuna. Kumbe yalikuwa yanabanana. Nikasubiri majani yageuke manjano yenyewe, maana shina bichi ndilo linalorudisha chakula kwenye kitunguu chake cha chini ya udongo, na Jumatano nikachimba kabla mvua hazijashika.

Nilipoinua fundo nilishika mdomo. Vitunguu vikubwa kama ngumi ya mtoto, vidogo kama punje za kitunguu saumu, vimesukumana hadi vingine vimelala ubavu na vingine vimepanda juu vikitafuta hewa. Nilivitenganisha kwa vidole, polepole, kwa sababu magamba yake yanabanduka upesi. Vilivyooza nikavitupa. Havina ganda kavu la nje kama vitunguu vya kupikia, jua linavinyausha haraka, kwa hiyo nikavifunika gunia bichi. Ndoo ikajaa na bado.

Jirani wa ng'ambo ya ua, ninayemwita Yaya, yaani dada mkubwa, alikuwa anaanika nguo. Nikamwita kwa furaha:

"Yaya, njoo uchukue lisi. Zimenizidia!"

Akaitazama ndoo. Hakukasirika, sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku.

"Kama zimekuzidia leo, mbona wakati zilikuwa kidogo hukunipa hata moja?"

Akaendelea kuanika.

Wiki hii mdogo wangu amejifungua mtoto wa kike, shule zimefunguliwa na darasani nina watoto 61, baba watoto ameenda Goma kufuata mzigo, na mimi niko na sentensi hiyo tu. Nasahihisha madaftari, naisikia. Hasa pale aliposema "leo".

Aliniomba kweli. Mwaka ule alipomzika mama yake alitaka kitunguu kimoja cha kupanda kaburini. Nikamjibu, "Yaya, nikigusa kimoja vyote vitakufa." Nani aliniambia hivyo? Hakuna. Nilikuwa nimefiwa mwaka uliotangulia, na sikutaka mkono wa mtu kwenye maua ya mama, basi nikatafuta neno la kumrudisha nyumbani. Naye aliliamini miaka yote, hadi aliponiona Jumatano nimekaa chini na vitunguu vyote nje, vizima, vinangoja kupandwa upya.

Jana asubuhi nilimwaga ndoo na kuchagua upya. Safari hii sikutafuta vya kugawa. Nilitafuta kile nisichotaka kukitoa. Kikubwa kuliko vyote, kilichokuwa katikati. Nikakipeleka mikono miwili.

"Yaya, nilikunyima. Hiki ndicho cha mama."

Alikigeuzageuza, akakinusa. Kisha akauliza, "Kinaingia kina gani?"

Hapo moyo wangu ulifunguka, jamani. Tulipiga magoti wote wawili kwenye mteremko wake. Nikamwonyesha: mara tatu ya urefu wa kitunguu, kwa hiki karibu sentimita 15, kwa sababu shina nalo hutoa mizizi juu ya kitunguu na linahitaji udongo wa kulishikilia. Udongo wetu mwekundu wa Bukavu unashika maji, basi tukatandika changarawe chini, na mboji juu. Kati ya kimoja na kingine, shubiri moja na zaidi. Nilimweleza kwamba vile vidogo vitachukua miaka miwili au mitatu kabla ya kutoa maua. Akasema vidogo anavitaka vitatu, vya kaburini, na kwamba kaburi haliendi popote.

Hakusema yameisha. Sikumuuliza. Jioni alimtuma mjukuu wake kurudisha gunia langu, limekunjwa, ndani kuna maparachichi manne.

Mvua imeanza tangu saa mbili, nzito, na ndiyo niliyoiombea vitunguu. Ila baba watoto alikuwa apande boti ya usiku ya Ziwa Kivu kurudi Bukavu, na upepo unapiga mabati. Nimempigia mara tano. Simu haipatikani.