Ufunguo Ndani ya Mzinga: Siku Moja Maishani Mwangu

Saa kumi na moja alfajiri. Adhana haijamalizika, nami nimeshawasha taa ya mezani katika chumba changu cha Ngamiani, Tanga, na kufungua sura ya tisa ya riwaya ninayoiandika mwaka wa pili sasa. Ni riwaya ya upelelezi, lakini mpelelezi wake si askari wala mwanasheria. Ni mfugaji nyuki wa miaka 78, ambaye wanakijiji wanamwita Mrina tu, na ambaye huwatazama watu kwa utulivu uleule anaoutazamia mlango wa mzinga. Msimamizi wa bohari ya mkonge amekutwa maiti ndani ya bohari iliyofungwa kwa kufuli, ufunguo haupo, na karani wake anaapa kwamba ulipotea usiku uleule wa kifo. Katika sura ya tisa Mrina anaukuta ndani ya mzinga wake mwenyewe.

Hapo ndipo nilipokwama. Nyuki hawapendi kitu kigeni nyumbani mwao: kikiwa kidogo hukikokota nje, na kikiwashinda, kama panya aliyeingia akafia ndani, hukipaka gundi wanayoitengeneza kwa utomvu wa miti ili kisioze na kuwadhuru. Kwa hiyo niliandika kwamba ufunguo ulikuwa umefunikwa wote kwa gundi, kwamba Mrina alijua papo hapo kuwa ulikaa mle kwa majuma, na kwamba karani alikuwa mwongo. Niliipenda sana sentensi ile, ila sikuwa nimeyaona hayo kwa macho yangu, na msomaji wa hadithi za upelelezi ana haki ya kupewa dalili ya kweli. Ndiyo sababu siku 21 zilizopita nilimwomba mzee mmoja anayefuga nyuki karibu na Tongoni auweke ufunguo wa kufuli langu bovu ndani ya mzinga wake, akakubali bila kuniuliza maswali mengi. Leo jioni tunaufungua.

Saa mbili asubuhi nafungua duka langu la steshenari. Nakala za vyeti, barua mbili za maombi ya kazi, daftari za wanafunzi, asubuhi inapita.

Saa saba mchana, wateja wanapopungua, naisoma upya sura ya pili, ambamo mji mzima unaamini kwamba msimamizi aliuawa na nyuki. Uvumi huo sikuubuni hewani, kwa maana Tanga ina kumbukumbu yake. Mwezi Novemba 1914 majeshi ya Uingereza, mengi yao yakiwa ya askari kutoka India, yalishuka Ras Kasone yakiwa na watu wapatao 8,000, na yakashindwa na kikosi cha Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck kilichokuwa na watu takriban elfu moja. Katikati ya mapigano nyuki waliochokozwa na risasi waliwavamia askari, na baadaye ukaenea uvumi kwamba Wajerumani walikuwa wamewatega makusudi, ingawa Wajerumani nao waliumwa. Mrina anapowasikia majirani wakiirudia hadithi hiyo, anawajibu kwamba nyuki hana upande, ana nyumba, na kwamba anayetaka kumsingizia nyuki aonyeshe kwanza miba katika ngozi ya marehemu. Mwiba wa nyuki hubaki ndani ya ngozi, na maiti yule hakuwa na hata mmoja.

Saa tisa alasiri napanda daladala la barabara ya Pangani. Tunapita upande wa Machui, kwao Shaaban Robert aliyezaliwa mwaka 1909, na kila nipitapo hapo huwa naona aibu kuandika sentensi ya uvivu.

Saa kumi na mbili na nusu jioni. Mwandishi Arthur Conan Doyle alimstaafisha mpelelezi wake wa hadithini, Sherlock Holmes, kwenye ufugaji nyuki huko Sussex, Uingereza. Huku pwani yetu nyuki ni wakali, na warina wengi hungoja giza liingie.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hukujipaka marashi?"

"Sikujipaka, babu."

Ananipa ovaroli na wavu wa uso, anawasha makumbi ya nazi ndani ya bomba la moshi, kisha anaifunga tochi kwa kitambaa chekundu, kwa kuwa nyuki hawaioni vizuri rangi hiyo. Upepo unaleta harufu ya matope ya mikoko. Nyuki mmoja ananiuma kwenye kifundo cha mkono, na kabla sijasema neno mzee amekwishaukwangua mwiba kwa ukucha na kupapulizia moshi mahali pale, maana mwiba hutoa harufu kama ya ndizi mbivu inayowaita wenzake vitani.

Anainua viunzi kimoja kimoja. Ufunguo uko pembeni, chini, juu ya ubao. Haukufunikwa. Kingo zake zote zimezungushiwa gundi ya kahawia, jino kwa jino, na tundu la kupitishia kamba limezibwa kabisa, lakini mgongo wake uko wazi na unang'aa.

"Wao huziba upenyo," mzee anasema kwa sauti ya chini. "Chuma chenyewe kina ubaya gani kwao?"

Anaubandua kwa ncha ya kisu. Unaachia kwa mlio mkavu, na palepale ulipokuwa inabaki alama yake: ubao mtupu wenye umbo la ufunguo, umezungukwa na ukuta mwembamba wa gundi, meno yote matatu yakihesabika. Naikodolea macho alama ile mpaka mzee ananigusa bega kwamba nyuki wamechoka nasi.

Saa tatu usiku nimerudi mezani, mkono umevimba. Naifuta ile sentensi niliyoipenda, na pamoja nayo kurasa nne. Sasa karani amewahi kurudi kwenye mzinga na kuuchukua ufunguo wake, mkaguzi wa polisi anaangaza ndani na kusema hamna kitu, na Mrina anamwomba kwa adabu aishushe tochi kidogo, pale chini, pembeni mwa ubao.