Wazazi weupe, watoto wa kijivu

Wifi yangu alinipigia simu jana asubuhi, salamu zenyewe akazimeza nusu. Sungura jike niliyempa, mweupe pee wa macho mekundu, alizaa na dume wake mweupe, na sasa watoto wametoka kwenye boksi la kuzalia. Wako saba. Wawili ni wa kijivu. "Wifi, ulinipa sungura wa mchanganyiko." Ana mteja hapa Kasese mjini anayetaka weupe watupu, na anaona haya hata kumkaribisha bandani.

Mama mkwe alikuwa karibu naye, akaingilia kunitetea. Kwake jambo ni jepesi: damu huruka. Mtoto humruka baba akamfuata babu, watu hivyo, mbuzi hivyo, sungura nao hivyo. Nilitamani tuishie hapo, maana mama mkwe hanitetei kila siku. Lakini kwa rangi hii utetezi wake hausimami, na tangu jana nawaza jinsi ya kumweleza bila kuonekana namkosoa mkubwa.

Damu huruka kweli, ila huruka upande mmoja tu. Kila sungura ana nakala mbili za kila jeni, yaani agizo la mwili linalorithiwa, moja ya mama na moja ya baba. Iko jeni inayoamua kama mwili utatengeneza rangi au hautatengeneza kabisa. Nakala ya rangi ndiyo yenye nguvu: ikiwepo hata moja, manyoya yanapata rangi na ile ya weupe inakaa kimya. Kwa hiyo wa kijivu wawili wanaweza kabisa kuzaa mweupe, kama wote wawili walikuwa wamebeba weupe kimyakimya. Hapo mama mkwe ana haki yake yote. Lakini mweupe mwenye macho mekundu hana nakala ya rangi hata moja, maana angekuwa nayo tungeiona. Wawili wa namna hiyo wakipandana, rangi itatoka kwa nani? Hata babu na bibi wa pande zote wawe wa kijivu, walichoshindwa kumpa mtoto wao hakimfikii mjukuu.

Jambo hili si geni. Kazi ya Mendel, mtawa aliyechunguza urithi kwa njegere, ilifufuliwa mwaka 1900, na mwaka 1905 tu William Castle wa Chuo Kikuu cha Harvard alikuwa tayari amechapisha matokeo ya kurithi rangi kwa sungura. Huwa nafurahi nikikumbuka kwamba mnyama huyu tunayemlisha majani ya viazi alikuwa mwalimu wa watu wakubwa.

Kabla ya kumtuhumu mtu nilimuuliza wifi: macho ya dume wako yakoje? Hakuona maana ya swali. Maana yake ni kwamba kuna weupe mwingine, wa macho ya bluu, unaotoka kwenye jeni tofauti kabisa. Huyo akipandishwa na wa macho mekundu, watoto wanaweza kutoka wote na rangi, kwa sababu kila mzazi anayo ile nakala aliyoikosa mwenzake. Akaenda kuangalia, akarudi kwenye simu. Mekundu.

Basi baba ni mwingine. Sikulisema hivyo kwenye simu. Leo baada ya ibada nikapanda bodaboda nikaenda mwenyewe.

Nilimshika mmoja wa wale wa kijivu nikampuliza ubavuni, manyoya yakafunguka kwa duara. Chini, karibu na ngozi, ni rangi ya wingu la mvua. Katikati kuna mkanda wa hudhurungi hafifu. Nchani ni nyeusi. Ukimtazama kwa mbali unasema kijivu, kumbe kila unywele una rangi tatu. Tumbo ni jeupe. Hiyo ndiyo rangi ya sungura wa porini, na ndiyo inayoshinda ile ya weusi mtupu. Nilimwonyesha mama mkwe, naye akapuliza, akacheka, akapuliza tena.

Wifi hakuwa wa kucheka. Aliniuliza kama si baridi ya usiku. Si swali la kubezwa, maana ana wale wa California, weupe wenye masikio, pua, miguu na mkia mweusi, na anajua watoto wao wakipigwa na baridi kwenye boksi huota manyoya ya kijivu ambayo baadaye hung'oka yenyewe. Weupe wa California nao unatokana na nakala nyingine ya jeni hiyohiyo ya weupe. Kimeng'enya chake, yaani kile kinachotengeneza rangi mwilini, hakifanyi kazi kwenye joto la mwili, kinafanya kazi pale tu palipopoa, ndiyo maana weusi unakaa ncha za mwili. Ndugu yake wa Kabale, kwenye baridi, anao wa California wenye pua nyeusi tii, wa kwake hapa kwenye joto letu pua imepauka, na miaka yote anaamini aliuziwa wabovu. Hakuuziwa wabovu, ni hali ya hewa. Lakini kwa weupe watupu wa macho mekundu kimeng'enya hakifanyi kazi kabisa, kwenye baridi wala kwenye joto. Hata ukimpeleka juu Rwenzori, atabaki mweupe.

Kizimba cha tatu kutoka kwa jike wangu anakaa dume wa kijivu. Nilimtazama, wifi akamtazama, kisha sote tukawatazama watoto wa nyumba, ambao ndio hufungua milango kuingiza majani jioni. Kijana mdogo akatoka nje kwenda kuchota maji ambayo hakuna aliyemtuma. Sungura jike hana haja ya kungoja siku zake kama ng'ombe. Kupandwa kwenyewe ndiko kunakotoa mayai, saa kumi hivi baadaye. Dakika moja ya mlango wazi inatosha.

Mimi mwenyewe weupe huwa siuamini kwa jambo lingine lolote. Niliwahi kumpandisha jike mweusi kwa dume mweupe nikitegemea weusi na weupe, nikapata kijivu kitupu. Dume alikuwa na rangi ya porini ndani yake, ila haikuwa na mahali pa kuonekana, kwani mwili hautengenezi rangi. Mwenye kununua dume mweupe ili "asafishe" rangi bandani ananunua mzigo uliofungwa. Afadhali aulize wazazi wake walikuwaje.

Wifi akaniuliza pia kuhusu wale wa madoa, kwani watoto wa shule wanawapenda. Hapo nilikuwa mkali kidogo: usipandishe wa madoa kwa wa madoa. Robo ya watoto, kwa wastani, hurithi nakala mbili za madoa, wanatoka karibu weupe wote na alama chache tu, na wengi wao hupata shida ya utumbo mpana kuvimba na kushindwa kusukuma chakula. Wa madoa kwa asiye na madoa inatosha. Nusu watatoka na madoa na hakuna atakayeumia. Rangi nyingine ni mapenzi ya mteja, hii ni afya ya mnyama.

Tukarudi kwa wale saba. Swali lake la mwisho lilikuwa la biashara: wale watano weupe je, nao ni wa dume wa kijivu? Wanaweza kuwa wake, kama naye amebeba weupe. Au jike alipandwa na madume wawili na kila mmoja ana watoto wake humo. Kwa sungura inawezekana. Vyovyote vile, weupe wale wana nakala mbili za weupe, na ukiwapandisha na weupe wenzao watazaa weupe. Mteja hapunjwi kitu.

Hakuridhika, anataka kujua. Nikamwambia njia ipo: yule wa kijivu apandishwe peke yake kwa jike mweupe, na mlango ufungwe kwa kufuli. Akitoka mtoto mweupe hata mmoja, amebeba weupe. Wakitoka wanane na wote wana rangi, karibu hakika hana, maana kwa mwenye kuubeba bahati hiyo hutokea mara moja tu katika 256. Wifi alifikiri kidogo, akakubali, ila jike wa majaribio nimtoe mimi, na chakula chake pia.