Bastola ya upepo ya mita 10 kwenye hewa ya chumvi: nini cha kununua Mtwara na Lindi

Ushauri mwingi wa kuchagua bastola ya upepo, ile ya mashindano ya kulenga shabaha umbali wa mita 10, umeandikwa kwa watu wa nchi za baridi na hewa kavu. Ukiufuata ulivyo ukiwa Shangani, Mikindani au Lindi mjini, utanunua kitu cha bei mbaya kitakachokufia mikononi. Kwetu pwani chuma kinashika kutu upesi, kompresa ya presha kubwa unaitafuta kwa tochi, na fundi anayejua kufungua regulata ya bastola, kile kifaa cha kusawazisha presha ya hewa, si rahisi kumpata. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: anza na bastola ya kupampu mara moja kwa kila risasi, achana na ya mtungi wa hewa, na fedha inayobaki iweke kwenye risasi nzuri na kwenye mpini.

Kabla ya yote, polisi. Umiliki wa silaha Tanzania unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Usiagize bastola, hata kama ni ya upepo, halafu ndipo uulize kibali. Nenda polisi wilayani kwako kwanza, eleza unachotaka kununua na kwa kazi gani, upate jibu, ndipo ulipe. Na yule anayetamani kujaza maganda ya risasi za baruti mwenyewe, kama wanavyofanya washindani wa nchi nyingine, asiguse kazi hiyo bila leseni. Mlengaji wa bastola ya upepo haihitaji. Ule umakini wa kupima baruti punje kwa punje, yeye anauhamishia kwenye kuchagua risasi.

Sasa kanuni za mashindano, maana ndizo zinazoamua ununue nini. Mchezo wa bastola ya upepo ya mita 10 umo kwenye Olimpiki tangu Seoul 1988. Unasimama, unashika kwa mkono mmoja tu, kiwiko na kifundo cha mkono havina msaada wowote. Risasi ni za milimita 4.5. Unapiga 60 ndani ya saa 1 na dakika 15 kwenye shabaha za kielektroniki, saa 1 na nusu kwenye za karatasi, baada ya dakika 15 za kujiandaa na kujaribia. Bastola isizidi gramu 1,500 na iingie kwenye boksi la milimita 420 kwa 200 kwa 50. Triga isifyatuke chini ya gramu 500. Darubini hairuhusiwi, ni vilengeo vya wazi tu. Viatu visifunike vifundo vya miguu, kwa hiyo buti weka pembeni.

Duara la 10 lina upana wa milimita 11.5, na sehemu nyeusi yote ni milimita 59.5. Risasi ikigusa tu mstari inahesabiwa pointi ya juu, maana yake kitovu cha risasi kinaweza kukosa kitovu cha shabaha kwa milimita 8 na bado ukapata 10. Iweke kichwani namba hiyo ya 8, itakuokoa na gharama nyingi zisizo na kazi.

Bastola nyingi unazoziona kwenye fainali za dunia, kama Steyr LP10, Walther LP500 au Morini CM 162EI, zinatumia mtungi mdogo wa hewa uliojazwa hadi bar 200 (bar ni kipimo cha presha). Ni silaha tamu: haina mshtuko, haichoshi, na mtungi mrefu unatoa risasi mia na hamsini na zaidi. Tatizo ni kuujaza. Mashine ya kujaza matairi inaishia bar 8 au 10, haikusaidii lolote. Pampu ya mkono ya presha kubwa inafika bar 200, lakini kwenye unyevu wa masika inavuta maji pamoja na hewa, na maji hayo yakiingia kwenye mtungi yanakula kuta zake na regulata kwa ndani, mahali usipopaona. Ukiamua kuitumia, iwe na kichujio cha unyevu, pumzika kila dakika tano ipoe, na ufungulie tundu la kutolea maji kila unapopumzika. Njia iliyo bora ni mtungi wa wazamiaji uliojazwa na kompresa yenye vichujio. Lakini mitungi hiyo mingine inajazwa hadi bar 232, na wa bastola mwisho wake ni 200, kwa hiyo fungua koki polepole, macho kwenye geji, funga ikigonga 200. Mtungi wa bastola pia una tarehe ya mwisho, kwa kawaida miaka 10 tangu kutengenezwa. Kanuni zinamtaka mlengaji mwenyewe ahakikishe haijapita, hivyo ukinunua wa mkononi soma tarehe kabla ya kusoma bei.

Na hili nalisema kwa nguvu zote: usijaze kamwe kwa mtungi wa oksijeni wa mafundi wa kuchomelea. Utaambiwa presha ni ileile na hewa ni hewa. Oksijeni tupu kwa presha ikikutana na mafuta au grisi iliyo ndani ya vali inawaka kwa mlipuko. Mtungi unapasuka ukiwa mkononi mwako.

Bastola ya kupampu mara moja haina habari hizo zote. Unafungua wenzo, unaufunga, hewa inabanwa, unaweka risasi, unapiga. Baikal IZH-46M ya Urusi na Feinwerkbau 103 ya Ujerumani ni za namna hii, zote zimetengenezwa kwa mashindano, na mtutu wake unalenga vizuri kuliko mikono ya wengi wetu. Hewa inayobanwa ni ya risasi moja tu, kwa hiyo hata unyevu wake hauna muda wa kukaa na kuharibu. Kasoro yake ni kazi ya kupampu: kwa mashindano mazima ni zaidi ya mara 60, na mkono wa kulengea ukitumika kupampu unaanza kutetemeka katikati ya safari. Pampu kwa mkono mwingine, mdomo wa bastola ukiwa umeelekea shabaha muda wote. Vuta wenzo hadi mwisho na uurudishe kwa mwendo uleule kila mara. Ukisitasita, hewa inavuja pembeni mwa sili (mpira wa kuzibia hewa) na risasi inashuka. Usiihifadhi ikiwa imepampiwa. Sili ipakwe grisi ya silikoni kidogo tu. Mafuta ya cherehani ni ya chuma cha nje, na mafuta ya nazi yasikaribie kabisa.

Mpini ndio watu wanaoudharau, na ndio wenye pointi nyingi. Bastola inakuja na mpini wa mbao wa saizi, ndogo, ya kati au kubwa, lakini hakuna kiganja cha kiwandani. Fanya hivi: shika bastola isiyo na kitu, funga macho, inua mkono hadi usawa wa shabaha, tulia, fumbua macho. Kilengeo cha mbele kinatakiwa kiwe kimekaa katikati ya pengo la kilengeo cha nyuma bila wewe kukunja kifundo. Rudia mara kadhaa. Kama kila mara kinaangukia upande mmoja, mpini umekaa vibaya. Kwanza legeza skrubu za mpini uugeuze pembe, kama bastola yako inaruhusu. Ikibaki kasoro, paka kiganja unga wa chaki, shika kwa nguvu ya kawaida, achia. Penye chaki nyingi kwenye mbao ndipo panapokusukuma. Punguza kwa msasa namba 120, kidogo sana, jaribu tena, malizia kwa namba 240. Pasipo na chaki pana pengo, jaza puti ya mbao. Kidole cha triga kisiguse mbao popote, la sivyo kila unapokivuta kinasukuma bastola pembeni. Kibao kinachobeba ukingo wa kiganja kisipinde kwenda juu wala kisizunguke kifundo, mkaguzi atakukatalia.

Triga ipime mwenyewe nyumbani. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, itie maji, iweke kwenye mizani ya duka la nafaka au ya sonara, umwage mpaka jumla ya chupa, maji na kamba isome gramu 510 au 520. Pampu bastola bila kuweka risasi, simamisha mtutu wima kuelekea juu mahali salama, tundika kamba katikati ya triga, inua taratibu mpaka chupa iache meza. Ikifyatuka, ni nyepesi mno. Zile gramu 10 au 20 za ziada zinakulinda, kwa sababu springi hubadilika, na mizani ya mkaguzi haina huruma.

Kwenye vilengeo wengi wanatazama shabaha, na hapo ndipo wanapopotea. Hesabu ni rahisi. Umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma ni kama milimita 320. Kilengeo cha mbele kikiteleza milimita 1 ndani ya pengo, risasi inakwenda pembeni milimita 31 hivi. Mkono mzima ukiyumba milimita 5 huku vilengeo vimekaa sawa, risasi inakosa milimita 5 tu, na hiyo bado ni 10. Kwa hiyo jicho likae kwenye ukingo wa juu wa kilengeo cha mbele, na duara jeusi liachwe liwe ukungu. Lenga chini ya duara jeusi, uache mstari mweupe kati yake na kilengeo. Aliyevuka miaka arobaini na anaona kilengeo kimefifia, amwombe mtaalamu wa macho lenzi ya +0.50 juu ya namba yake ya kuonea mbali. Miwani ya kusomea ni kali mno.

Sasa risasi zenyewe. Chukua zenye kichwa bapa, zinazokata tundu la mviringo safi kwenye karatasi. RWS R10, H&N Finale Match na JSB Match ni za daraja la mashindano. Za bastola zina uzito wa kati ya gramu 0.45 na 0.53, na kipenyo cha kichwa huandikwa kwenye kopo: 4.48, 4.49, 4.50 au 4.51. Kichwa kikiwa chembamba kuliko mtutu unavyotaka, risasi inayumba ndani. Kikiwa kinene, inakwama kidogo na kasi inabadilika. Hakuna namba iliyo bora kwa kila mtu. Nunua kopo moja la kila saizi unayoweza kuipata, bana mpini wa bastola kwenye jiliwa ukiukingia na kipande cha tairi la ndani (usibane mtutu), piga 10 za kila saizi kwenye karatasi tofauti, kisha pima tundu kutoka ukingo hadi ukingo. Tundu la milimita 7 ni zuri sana. La milimita 9 linafaa kwa mazoezi.

Watu wanaulizia kupima kila risasi kwenye mizani. Tuipige hesabu. Risasi ya gramu 0.50 ikizidi kwa gramu 0.01, kasi inapungua kama asilimia 1. Kwa kasi ya mita 150 kwa sekunde risasi inashuka milimita 22 hivi ndani ya mita 10, na hiyo asilimia 1 inaongeza mshuko usiofika nusu milimita. Una milimita 8 za kukosea. Waachie mizani wenye muda. Kinachoharibu kweli ni sketi iliyobonyea, ile sehemu ya nyuma iliyo wazi. Mwaga risasi kwenye kitambaa cheupe chini ya taa, ziviringishe kwa kidole: iliyobonyea inatembea kwa kuchechemea. Hiyo weka kando kwa kupasha mkono moto kabla ya mazoezi.

Risasi hizi ni za madini ya risasi, na hewa yetu inazigeuza. Zikianza kutoa unga mweupe, usizifute uzitumie; unga huo ni sumu na kipenyo kimeshabadilika. Kopo lililofunguliwa litie kwenye dumu dogo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Bastola nayo usiilaze kwenye sanduku lake la sponji mara baada ya mazoezi, kwa sababu sponji linashika jasho na chumvi. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, pitisha vipande viwili vitatu vya feliti (kitambaa kizito cha sufu) mtutuni kutoka nyuma kwenda mbele, kimoja chenye tone la mafuta na cha mwisho kikavu, kisha ifungie kabatini penye kufuli.

Kitega cha kuzuia risasi fundi yeyote wa kuchomelea anakitengeneza: boksi la bati zito la milimita 3, ukuta wa nyuma umeinama ili risasi zidondokee chini, na ndani magunia ya korosho yaliyokunjwa yakashindiliwa ili lisirudi hata kipande. Kitovu cha shabaha kiwe mita 1.40 kutoka sakafuni, taa iangaze karatasi kwa lux 1,500 (lux ni kipimo cha mwanga) au zaidi. Vaa miwani ya kinga, na nyuma ya kitega pawe na ukuta, si mlango.

Kopo la risasi 500 linaacha kama robo kilo ya madini ndani ya boksi. Wavuvi watakuomba kwa ajili ya chubwi, na hakuna ubaya kuwapa, ila wasiyeyushie kwenye jiko la kupikia wala ndani ya nyumba penye watoto. Wewe mwenyewe ukimaliza kuzoa, nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa chakula.