Nilivyofanikiwa kuyaona madoa ya Turing

Wiki mbili nzima kompyuta ilinionyesha kijivu kitupu, bila doa hata moja. Nilikuwa nimeandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, modeli ya Schnakenberg, yaani milinganyo ya kemikali zinazoathiriana na kusambaa, ambayo ni nyepesi kwa anayeanza. Ina kemikali mbili tu, nami nimezipa majina ya mlaji na chakula: mlaji hujizidisha kwa kukila chakula, na vyote viwili husambaa.

Nilichokuwa nakitafuta ni kile alichokiandika mwanahisabati Mwingereza Alan Turing mwaka 1952 kuhusu jinsi kiinitete kinavyopata umbo. Tone la wino ndani ya glasi ya maji huishia rangi moja, kwa hiyo tumezoea kwamba kusambaa hufuta tofauti. Turing akaonyesha kwamba kemikali mbili zikisambaa kwa kasi zisizolingana, kusambaa huko huko kunaweza kuzaa madoa pale palipokuwa sawa kote. Mwaka 2014 watafiti wa Barcelona walitoa ushahidi kwamba vidole vya kiinitete cha panya hupangwa kwa njia hii. Vidole! Sikuweza kuliacha.

Mwishowe niliifunga kompyuta nikashika kalamu. Vigezo vyangu, yaani kasi ya kuongezwa mlaji (a) na chakula (b), vilikuwa a = 0.1 na b = 0.9, kwa hiyo hali tulivu, pale visipobadilika tena, ni mlaji 1 na chakula 0.9. Nikauliza: mtikisiko mdogo hapo utakua au utakufa? Hesabu ikaishia kwenye mlinganyo wa kipeo cha pili, na jibu likawa wazi: chakula lazima kisambae zaidi ya mara 8.57 ya mlaji. Mimi nilikuwa nimeweka mara 5. Kijivu kile hakikuwa kosa la programu, kilikuwa jibu sahihi.

Nikaweka 10. Papo hapo namba zote zikalipuka. Programu hugawa eneo katika gridi ya miraba midogo na kusogeza muda kwa hatua ndogo ndogo. Miraba yangu ilikuwa na upana wa 0.5, na kwa kasi hiyo mpya hatua ya muda haitakiwi kuvuka 0.00625, la sivyo hesabu hulipuka, nami nilikuwa bado kwenye 0.01. Nikashusha hadi 0.005, nikasubiri.

Mwanzoni ukungu tu. Kisha vivimbe hafifu, kisha madoa ya mviringo yakisukumana mpaka kila moja likapata nafasi yake. Nilimwita mama aje aone.

Usiku huo nikaifinya gridi ikawa ukanda wa miraba 6 tu kwa upana. Madoa yakakosa nafasi, zikatokea pete zilizofuatana, kama kwenye ncha ya mkia wa duma.