Kumbukumbu ya mradi: unga mweupe kwenye bruchi za wachumba wa askari umekoma

Unga mweupe umekoma. Bruchi zote za ganda la chaza zilizo kwenye mikebe mipya zimepita msimu mzima wa masika bila chembe mpya, na kipande cha risasi (metali laini, ile ya chubwi la kuvulia) kilichowekwa kando yake ili kionyeshe mvuke wa asidi bado ni cha kijivu. Sehemu kubwa ya kumbukumbu hii ni ya unga huo, kwa sababu ndio uliokula muda wote wa mradi, na kwa sababu wakusanyaji wengi wa vipambo vya wachumba wa askari hudhani ni dawa ya kung'arishia iliyokauka, wakaendelea kusugua.

Ninazozungumzia ni bruchi za Kiingereza za vita vya 1914–1918 na 1939–1945, zile askari walizowapa wapenzi wao: kisahani cha ganda la chaza, beji ya kikosi katikati, na miguu miwili ya shaba inayopita kwenye matundu ya ganda na kukunjwa kwa nyuma. Zile za fedha tupu, kama mabawa ya RAF (jeshi la anga la Uingereza) yasiyo na ganda, hazina tatizo hili.

Ukiinamisha bruchi chini ya taa ya pembeni na kuitazama kwa lenzi ya sonara ya mara 10, unaona kwamba si unga hasa. Ni sindano nyembamba za chumvi zilizosimama kwenye ukingo wa ganda na kuzunguka matundu ya miguu, kama ukungu wa mkate. Ukizigusa kwa brashi laini zinavunjika. Zikiguswa na tone dogo la maji zinayeyuka papo hapo, na hiyo ndiyo dalili ya kushika. Mabaki ya dawa ya kung'arishia kwa kawaida ni chokaa laini, nayo haiyeyuki majini. Kinachoyeyuka hapa ni asetati ya kalsiamu, chumvi inayozaliwa pale mvuke wa asidi ya siki unapokutana na ganda. Ganda la chaza ni kalsiamu kaboneti kwa takriban asilimia 95, iliyopangwa kwa vigae vyembamba sana vinavyoshikwa na protini, na mng'ao wote unatokana na mpangilio huo. Kila sindano unayoifuta ilikuwa kigae. Haitarudi mahali pake.

Mwaka 1899 Mwingereza Loftus St George Byne aliandika juu ya maganda yanayoharibika yakiwa kabatini, akadhani ni kazi ya bakteria. Jina la ugonjwa wa Byne limebaki, lakini ganda haliambukizi ganda. Yanaugua pamoja kwa sababu yamefungiwa hewa moja.

Lililonichelewesha zaidi ni kutenganisha unga mweupe na kutu ya kijani iliyokuwa ikitokea kwenye miguu ya beji. Kutu ya kijani ina sura mbili. Ile yenye nta, inayobonyea ukiichoma kwa kijiti, hutokana na shaba na mafuta ya ngozi. Hiyo inatoka kwa pamba yenye spiriti kidogo. Ile ya kijani-buluu, kavu, yenye chembechembe, mara nyingi ni asetati ya shaba. Yaani mvuke uleule mmoja ulikuwa unakula ganda upande wa mbele na shaba upande wa nyuma. Kuanzia hapo maradhi mawili yakawa moja, na kilichobaki kilikuwa kutafuta mvuke unatoka wapi.

Kabla ya kufika huko, onyo kuhusu dawa za kusafishia, maana nyingi zinaua. Siki na limau vinalila ganda moja kwa moja. Dawa ya kuchovya fedha ina asidi, na inafanya vilevile kwa dakika chache. EDTA, kemikali inayoshika metali na inayosifiwa sana kwa kuondoa kutu ya shaba, hukamata kalsiamu pia. Maji ya moto yenye magadi na foili yanasafisha fedha vizuri, ila joto hulegeza gundi, na maji huingia chini ya beji yasipate pa kutokea. Mashine ya kusafishia kwa mawimbi ya sauti isikaribie kabisa ganda wala enameli yenye ufa.

Kipimo cha chupa

Droo ya zamani, ambamo bruchi zilikaa kabla ya mikebe, ilikuwa na washukiwa wanne: ubao wa MDF (nyuzi za mbao zilizobanwa kwa gundi), mahameli ya kijani, gundi iliyoshikilia mahameli hiyo, na silikoni iliyoziba kioo cha juu. Kubishana juu ya nani mkosaji hakusaidii, wanapimwa.

Kipimo kinachotumika kwenye makumbusho kilibuniwa na Andrew Oddy wa British Museum mwaka 1973. Unafungia gramu 2 za kitu unachokishuku ndani ya chupa ya kioo pamoja na maji kidogo na vipande vitatu vya metali: fedha, shaba nyekundu na risasi. Chupa inakaa kwenye nyuzi 60 za Selsiasi kwa siku 28. Fedha ikiwa nyeusi, kuna salfa. Shaba inabadilika kwa kloridi na vinginevyo. Risasi ikipata ganda jeupe, kuna asidi ya siki au jamii yake, na risasi ndiyo shahidi tunayemtaka.

Cha nyumbani nimekipanga hivi. Risasi ni chubwi la kuvulia, limepondwa kwa nyundo hadi likawa bapa, kisha likakwaruzwa kwa kisu mpaka ling'ae. Shaba ni waya wa umeme uliomenywa. Fedha ni kipande cha masalio kutoka kwa sonara, kilichosuguliwa kwa msasa namba 600. Vyote vinaning'inizwa kwa mshipi wa nailoni, visigusane wala visiguse kinachopimwa. Maji ni nusu mililita ya maji yaliyochujwa kwa mvuke, kwenye kichupa kidogo kilichozibwa kwa pamba. Ukinunua maji ya betri, soma lebo. Duka hilohilo linauza asidi ya betri kwenye chupa inayofanana. Vaa glavu unaposhika risasi, na kazi hiyo isifanyike jikoni.

Kifuniko ndicho kinachosumbua kuliko chochote. Vifuniko vya chupa za jamu vina utando wa plastiki ndani, na utando huo nao hutoa mvuke wake. Zungusha utepe mweupe wa mafundi bomba mdomoni, kisha weka kipande cha foili chini ya kifuniko. Na lazima kuwe na chupa moja tupu, yenye maji na metali tu. Chupa tupu ikichafuka, matokeo yote ya safu hiyo hayana maana, anza upya.

Joto la nyuzi 60 ni gumu kulipata bila oveni ya maabara. Mashine ya kutotolea vifaranga hukaa kwenye 37.5 kwa utulivu mzuri sana, bora kuliko oveni ya kawaida inayopanda na kushuka. Lakini kwenye joto dogo majibu yanapungua nguvu: kitu kikichafua risasi kwa nyuzi 37.5, hakika ni kibaya. Kikitoka safi, bado hujathibitisha kuwa ni salama. Kwa hiyo vitu vilivyopita nimeviacha muda mrefu zaidi ya siku 28 kabla ya kuviamini.

Matokeo yalikuwa wazi kiasi cha kuonekana bila lenzi. Chupa ya MDF: risasi imefunikwa na ganda jeupe kila upande. Silikoni: nyeupe pia, na ukifungua chupa harufu ya siki inakupiga puani. Mafundi wa vioo huku wanapenda aina hiyo kwa sababu inashika haraka. Ipo aina nyingine isiyotoa asidi inapokauka, uliza kabla ya kununua. Gundi ilichafua risasi kidogo. Mahameli iliacha risasi salama ila ikaifanya fedha kuwa ya kahawia, jambo linaloeleza kwa nini bruchi za mabawa zilikuwa zikifubaa haraka hivyo. Mbao halisi nazo hutoa asidi ya siki. Mwaloni ndio wenye sifa mbaya zaidi, na makabati mengi ya zamani ya Ulaya ni ya mwaloni.

Unyevu wa pwani unaharakisha yote haya. Kwenye hewa kavu mvuke ule ule unafanya kazi polepole zaidi.

Mkebe badala ya droo

Droo imeondolewa kabisa. Kupaka vanishi juu ya MDF hakuzuii mvuke, kunauchelewesha tu. Sasa ni mikebe ya bati ya biskuti, imeoshwa na kukaushwa juani. Ndani kuna sponji nyeupe ya polithini yenye unene wa milimita 10, ile ngumu isiyo na harufu, imekatwa vitundu kwa kisu chenye wembe mpya. Juu yake kitambaa cha marekani kilichofuliwa mara kadhaa bila dawa ya kulainisha, kimechomekwa pembeni bila tone la gundi. Sponji na marekani vyote vilipita kwenye chupa. Vifuko vya silika vinashusha unyevu. Lengo langu ni asilimia 45 hadi 55, maana ganda likikauka kupita kiasi tabaka zake hubanduka.

Kusafisha chumvi iliyokwisha jitokeza: kwanza brashi laini kavu, bruchi ikiwa imeinamishwa ili unga uanguke. Kisha kijiti cha pamba kilicholoweshwa kidogo na kukamuliwa, kiviringishwe bila kusugua, kila mviringo pamba mpya. Chini ya beji ndiko chumvi inakojificha. Usijaribu kuinua beji: miguu ile ya shaba ilikuwa migumu tangu ilipokunjwa mara ya kwanza, ukiinyoosha inakatika, na huwezi kuilainisha kwa moto karibu na ganda. Pitisha ukanda mwembamba wa karatasi laini ya mifuko ya chai kati ya beji na ganda, uvute polepole, ubadilishe, mpaka utoke safi. Malizia kwa ukanda wenye spiriti ili maji yakauke upesi. Palipoliwa patabaki na vishimo visivyong'aa. Nta inapunguza weupe wake kidogo, lakini hairudishi kilichokwenda.

Kwa kazi hii lenzi ya sonara inaishinda darubini ya kuchomeka kwenye kompyuta. Darubini inatoa picha nzuri, ila mkono mmoja unakuwa umefungwa, na kina cha kuona ni kidogo mno kwa kazi ya chini ya beji. Kalamu ya nyuzi za kioo, inayopendwa kwa kutu, inakwaruza ganda na kuacha nyuzi ndani ya matundu. Kijiti cha mwanzi kilichochongwa kinatosha.

Mkebe mmoja uliogoma

Mkebe mmoja uliendelea kutoa unga. Sponji ileile, kitambaa kilekile, silika ileile, na risasi ya ulinzi ikawa nyeupe kwa kasi. Hili liliniudhi kuliko droo yenyewe, kwa sababu kila kilichoingia humo kilikuwa kimepimwa, isipokuwa vipambo.

Mkosaji alikuwa kipambo. Mkebe ule ulikuwa na vipande vya Kimarekani vya miaka ya 1940, pamoja na moyo wa plastiki wenye nembo ya jeshi. Plastiki za wakati ule zinafanana kwa macho lakini zinazeeka tofauti. Lucite, ambayo ndiyo Perspex ya Waingereza, ile askari waliyokata kutoka vioo vya ndege, haina harufu na haina ubaya. Bakelite ikisuguliwa kwa kidole gumba mpaka ipate joto hutoa harufu kali ya formaldehaidi. Seluloidi hunuka kafuri, na ikioza hutoa asidi ya nitriki. Asetati ya selulosi hunuka siki, na hiyo ndiyo iliyokuwa imelala katikati ya bruchi za ganda. Mzee huyo anapooza anatoa asidi, na asidi inamharakisha kuoza zaidi. Hakuna dawa, kuna kumtenga tu. Usitumie sindano ya moto kutambua plastiki: unaharibu kipambo, na seluloidi inashika moto.

Moyo ule sasa uko peke yake, kwenye kikasha kisichofungwa kabisa, na vifuko vya mkaa wa kunyonya harufu kandoni. Tangu uondoke, risasi mpya ya mkebe ule haijabadilika.

Mpango wa awali ulikuwa kupanga bruchi zote za fedha kwa mwaka, kwa kufuata nanga, yaani alama ya ofisi ya kupima fedha ya Birmingham, na herufi yake ya mwaka: p ndogo kwa 1914, q kwa 1915, na kuendelea. Umesimama. Kwa sasa kigezo cha haraka kwa bruchi za zamani ni taji: taji la matao yaliyovimba juu ni la wafalme wa 1901 hadi 1952, na lenye bonde katikati ni la baada ya Elizabeth kurithi. Bruchi ya RAF haiwezi kuwa ya kabla ya Aprili 1918 hata muuzaji aseme nini. Hayo yanatosha kupanga mikebe.

Kilichonivuta badala yake ni wazo la kuweka shahidi wa risasi katika kila mkebe daima: kipande cha chubwi cha ukubwa wa ukucha, nusu yake imefunikwa na nta na nusu iko wazi, ili rangi mbili zilinganishwe mahali pamoja. Nta nyeupe ya mishumaa inabanduka. Nta laini ya makumbusho inashika vizuri zaidi, lakini bado sijapata unene ambao hauachi mvuke kupenya pembeni. Linalofuata ni kujaribu mipako miwili, wa pili ukipakwa baada ya wa kwanza kukauka usiku kucha, na kupima pamoja na moyo wa asetati ambao hata hivyo hauna kazi nyingine.